Fahali tuliyemtenga kwa sababu ya matanga ya Mzee

Wakuu, nawasalimu kutoka Masisi, mashariki ya Kongo, upande wa Kirolirwe. Ukungu wa leo umeshuka mpaka mlangoni, kazi za nje zimesimama, nikaona niandike.

Kuna ndugu mmoja humu jukwaani aliuliza kuhusu nyati wa kufugwa: wanabadilishaje malisho msimu ukigeuka, na mtu afanye nini kundi lisimalize ardhi. Watu walimjibu kwa maneno makubwa.

Mimi nyati sina. Kwetu nyati ni wa msituni, na ukikutana naye humuulizi anakula nini. Nina ng'ombe. Lakini swali lake lilinigusa, kwa sababu nimelala nalo na kuamka nalo tangu Mzee, baba yetu, alipofariki, mwaka jana mwezi wa nane.

Nitasimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Shule niliishia la sita, kwa hiyo msitegemee michoro. Pale nisipojua nitasema sijui. Na watu wangu wataongea Kiswahili cha kwetu, mtatuvumilia; mkisikia "njo", ni "ndiyo".

Kwanza mjue tunavyoishi.

Kilima tunachochungia si chetu. Ni cha mwenye konsesio, shamba kubwa la malisho, ambaye anakaa mbali, na hapa amemweka msimamizi, tunamwita gérant. Anaitwa Papa Gaspard. Mzee alichunga pale tangu mimi sijaota ndevu. Alipofariki, mwenye ardhi alikubali tumzike juu ya kilima, penye miti ya mikaratusi, mahali alipokuwa anapenda kukaa akiangalia ng'ombe wakipanda.

Kwa hiyo kilima kile kwetu ni malisho, na ni kaburi.

Matanga hayajaisha vizuri, Papa Gaspard akaja. Alitoa pole, akakaa, akanywa maziwa. Kisha akaniomba tutembee naye kidogo.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Kilima kilikuwa kimechoka. Kwenye mteremko njia za ng'ombe zilikuwa zimechongeka kama ngazi, na upande wa mto udongo ulikuwa umeanza kuporomoka. Alishika fundo la majani, akavuta. Likatoka na mizizi yake, bila ubishi.

"Unaona?" akaniambia. "Mvua ikirudia, hii yote itashuka mu muto. Boss ananiuliza mimi, haulizi weye. Ninawapatia kiangazi moja tena. Kama nakuta vile hivi, mutatafuta fasi ingine."

Mimi nilikuwa naangalia juu, kwenye mikaratusi.

Ng'ombe unaweza kuwahamisha. Kaburi unaliachaje?

Sasa niwaeleze ng'ombe wanavyokula, maana hapo ndipo penye mambo.

Wakati wa mvua ng'ombe anakuwa mtu wa kuchagua. Majani yako kila mahali, basi anakata ncha tu, anasogea, anakata tena. Wanakaa juu ya kilima, wametawanyika, na jua likiwa katikati wanalala kucheua. Sehemu yenye kinyesi wanairuka. Ukiwaangalia utadhani wako harusini.

Kiangazi ni kitu kingine. Wanaamka kula mapema, umande ungali juu ya majani. Wanatembea sana. Wanashuka bondeni kwenye majimaji, wanarudia sehemu ileile iliyoliwa jana kwa sababu ndiyo yenye chipukizi, wanaivuta mpaka chini. Na njaa ikizidi wanakula yale majani kama mabawa ya ndege, yanayoota penye udongo uliochoka. Wakati wa mvua wanapita pembeni yake hata hawayanusi. Wakiyala mara nyingi, wanakojoa damu. Nimezika ng'ombe wawili kwa ugonjwa huo.

Na jambo moja nililokuwa naliona miaka yote bila kulifikiria: wanaotangulia kushuka bondeni, wanaovunja uzio, wanaokwenda mbali kuliko wote, ni majike wanaonyonyesha. Ana ndama, anakamuliwa, tumbo halimpi amani. Wengine wanamfuata tu.

Tuendelee.

Katika ukoo wetu kuna desturi ya zamani. Mwenye nyumba akifa, nyumba nzima iko kwenye kilio. Hamna kupanda mbegu siku zile, hamna mambo ya mke na mume, na fahali anatengwa na majike. Akishatengwa, kila anayepita njiani akiona anajua kwamba pale kuna msiba wa mwenye nyumba. Siku ya kutoka kwenye kilio, fahali anarudishwa na maisha yanaanza tena.

Familia nyingi zimeiacha. Wanasali, wanakula wali, wanarudi kazini.

Mama hakuiacha.

Siku ya mazishi yenyewe alituambia mimi na mdogo wangu Faustin, "Dume mutaiweka pembeni. Mu nyumba yenye iko na kilio, dume haipande ngombe. Ni vile tulikuta."

Faustin ni mtu wa biashara, ananunua ng'ombe na kupeleka Walikale. Akamwambia kwa upole, "Lakini Mama, Papa alikuwa mukristo. Alibatizwa. Hii njo mambo ya zamani."

"Na dume?" Mama akauliza. "Yeye alibatizwa lini?"

Waombolezaji walicheka, katikati ya kilio. Hata Faustin alicheka. Fahali akatengwa.

Jina lake ni Honorable, kama tunavyowaita wabunge. Mzee ndiye aliyempa, kwa sababu alikuwa anakula vizuri, analia kwa sauti kubwa, na kazi yake huwezi kuiona kila siku. Tulimjengea zizi la mianzi karibu na nyumba, nikawa namletea matete na vigogo vya migomba.

Kwa kawaida mambo hayo yanakwisha haraka. Lakini dada yetu Espérance ameolewa Walikale, na njia ilikuwa imefungwa. Nyinyi mnaofuata habari za vita vya kwetu mnajua njia zinafungwaje. Mama akakataa kumaliza kilio bila binti yake.

Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi, wa kumi na moja. Honorable analia zizini, majike wanajibu kutoka kilimani. Majirani wakaanza kusema. Mmoja aliniambia nimefuga jogoo mkubwa wa kuamsha kijiji. Faustin hakucheka tena.

"Kaka, unajua unafanya nini? Ngombe yenye haishike mimba leo, mwaka kesho haina maziwa. Tutakula nini?"

Nikamwambia tumheshimu Mama.

"Weye unalinda kaburi," akasema. "Haya. Siku maziwa itaisha, tutakamua kaburi."

Lile neno liliniuma. Na hesabu yake ilikuwa ya kweli. Mimi mwenyewe nilifanya vile kwa ajili ya Mama tu. Mtu asije akasema humu kwamba niliona mbali. Sikuona kitu.

Espérance alifika baada ya Bonané, yaani Mwaka Mpya, na mume wake, miguu imevimba. Tukamaliza kilio. Mama akanawa, akavaa kitambaa cheupe, na Honorable akafunguliwa. Wakuu, yule mnyama hakutembea. Aliruka.

Mpaka hapo ni desturi. Sasa malisho.

Majike waliokuwa na mimba kabla ya msiba walizaa kama kawaida, wa mwisho mwezi wa tano. Baada yao, hakuna. Maziwa yakapungua wiki hadi wiki. Anayetengeneza fromage, jibini ya kwetu, akawa anakuja na kidumu kikubwa, anarudi nacho chepesi. Akaacha kuja.

Faustin akasema ni lazima tupeleke wengine Walikale kabla ya kiangazi. Nilikubali. Tukachagua wazee, na wale ambao hawakushika mimba hata Honorable alipofunguliwa. Mmoja alikuwa jike ambaye Mzee alikuwa akimkamua mwenyewe na kumwimbia. Nilimfunga kamba mimi, sikutaka mtu mwingine amfunge.

Tulitembea nao kwa miguu, kupitia Nyabiondo, kati ya mashamba ya maharagwe na mihogo, tukipisha pikipiki. Baada ya hapo milima inaisha na msitu unaanza.

Pale nilijifunza kitu. Mimi nilidhani penye kijani ndipo penye chakula. Msitu wa Walikale ni kijani mpaka unachoka kuangalia, lakini chini ya miti mikubwa nyasi hakuna. Ng'ombe walisimama wakaangalia ule ukuta wa majani kama watu waliofika sokoni siku isiyo ya soko. Walikula kingo za barabara tu, na walikonda kila siku tuliyotembea.

Kwa Espérance tulipumzika. Mume wake ni mkulima na mwindaji. Aliwazunguka ng'ombe akacheka.

"Shemeji, mu pori yetu nyama inajitafutia chakula. Yenu munaitafutia nyinyi. Sasa nani njo mukubwa wa mwengine?"

Nikamwambia hilo swali anipe mwaka nilifikirie.

Waliuzwa kwa wachinjaji wanaolisha wachimba madini wa upande wa Bisie. Yule jike wa Mzee aliondoka na kamba yangu. Sikuidai.

Tukarudi nyumbani, kiangazi kikaingia.

Nilikuwa naogopa, wakuu. Kila asubuhi nilipanda kilimani nikitazama chini kama mtu anayetafuta nywele nyeupe kichwani mwake.

Lakini kundi lilikuwa limebadilika tabia. Walio wengi walikuwa na mimba, hawakamuliwi, hawana ndama mdogo wa kuwasumbua. Waliamka kwa utulivu. Walikula juu ya kilima kwa muda mrefu kabla ya kufikiria bonde. Wachache wanaonyonyesha walishuka kama kawaida yao, lakini hawakufuatwa na kundi zima. Walishuka peke yao, wakanywa, wakapanda. Hao wachache niliwakatia matete na mabua ya mahindi wakala nyumbani, maana kwa wachache mtu anaweza.

Lile bonde, kwa mara ya kwanza nilikumbuka rangi yake. Kwenye ngazi za mteremko majani yakashika. Yale majani ya mabawa hakuna aliyeyagusa.

Hapa ninataka niwe mkweli. Sijui ni lipi lilisaidia zaidi. Tulikuwa tumepunguza kundi, hilo moja. Ndama hawakuzaliwa wakati wa njaa, hilo la pili. Na kiangazi chenyewe kilinyeshewa mvua mara kadhaa, Mungu anisamehe kama nitalificha hilo. Nilimuuliza vétérinaire mmoja, daktari wa mifugo, aliyepita kuchanja. Akasema kwenye ranchi nyingine wanatenga mafahali kwa makusudi ili ndama waje na mvua, lakini na yeye hakuweza kuniambia kwangu ni nini kilifanya kazi.

Na tulilipa. Maziwa ya kiangazi yalikuwa ya watoto tu. Chai tulikunywa nyeusi. Faustin alipokuja alikuwa anaangalia kikombe, ananiangalia mimi, anakunywa. Afadhali angesema.

Mwisho wa mwezi wa nane Papa Gaspard akaja.

Hakukaa, hakuomba maziwa. Alipanda moja kwa moja, mimi nyuma yake, Faustin nyuma yangu. Akashika fundo la majani, akavuta. Likakatika mkononi, mizizi ikabaki chini. Akasogea, akavuta lingine. Akashuka mpaka mtoni, akakanyaga kingo kwa buti lake.

"Mulifanya nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na kilio.

Alifikiri sana, akasema, "Mwaka moja tena. Lakini ile mambo mulifanya, murudilie. Bila vile sitakuwa na ya kuambia boss."

Faustin alinishika bega. Nilipita kwenye mikaratusi kumwambia Mzee. Mkicheka chekeni.

Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtu wa la sita. Jike akipandwa mwezi wa tisa, anazaa mwezi wa sita, kiangazi kinapoanza. Kwa hiyo Honorable alitakiwa atengwe palepale, mpaka Bonané. Kesho yake nikarekebisha zizi la mianzi, nikamwingiza.

Na hapo nikafanya kosa ambalo labda ni mtu wa kwetu tu anaweza kulifanya.

Sikufikiria watu wanaopita njiani.

Kabla ya saa sita Mama Zawadi, jirani yetu wa bonde la pili, alikuwa anapanda njia, kitambaa kimefungwa kiunoni, maharagwe kichwani, analia kwa sauti. Nyuma yake wanawake wengine wawili. Nyuma yao mwanamume na dumu la kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

"Yoo! Ni nani?" analia. "Ni nani tena? Ni Mama? Yoo, Mama alikuwa muzuri!"

Mama alikuwa amekaa nyuma ya nyumba. Akatoka na ungo wake.

"Mama njo mimi. Niko namenya maharagi."

Mama Zawadi aliangalia zizi, akamwangalia Mama, akakaa chini palepale njiani. Yule wa kasiksi akauliza kama arudi nayo. Faustin akamwambia hapana, pombe ikishafika haijui njia ya kurudi. Tulicheka mpaka machozi.

Mama hakucheka.

Walipoondoka alikwenda zizini mwenyewe, akatoa mianzi mmoja mmoja, akamfungua Honorable. Nikamuuliza kwa nini.

"Dume inatengwa sababu ya mufu," akasema. "Ukiitenga bila mufu, unaita nani? Unaona walinililia tayari."

Hakula siku ile.

Wakuu, nilikuwa katikati. Nikimwacha Honorable kundini, mwaka kesho tunafukuzwa na Mzee anabaki peke yake kilimani. Nikimtenga, Mama anakaa miezi yote akingoja kufa. Faustin alisema nimtenge kwa nguvu, atazoea. Nilimwambia mama hazoezwi kifo. Kila nilipomwona fahali akinusa jike, nilihesabu miezi kwa vidole.

Siku ya Mungu tulitoka misa, Mama akawa anaongea na mwanamume mmoja wa Nyabiondo aliyekuja kusalimia ndugu zake. Papa Bahati, analima maharagwe na mihogo, ana ng'ombe wachache, fahali hana. Alikuwa analalamika kwamba jike wake akihitaji dume, anamtembeza mpaka anachoka yeye kabla ya jike.

Tulipofika nyumbani Mama akaniita.

"Kufunga dume ni kilio," akasema. "Sawa?"

"Sawa, Mama."

"Lakini dume inaweza kusafiri. Muntu akienda safari, hatumulilie. Tunamusindikiza."

Nilimwangalia. Nilikuwa nimefikiria zizi, uzio, kamba. Hili halikuja kichwani mwangu hata kidogo.

Faustin, kama kawaida yake, akasema, "Njo vile. Honorable anaenda mu mission. Bahonorable yote banafanyaka vile."

Papa Bahati alikubali haraka kukaa na Honorable. Nilimweleza pia, ili nisimdanganye, kwamba ndama wake watazaliwa kiangazi. Akasema kwa ng'ombe wachache atakata matete mwenyewe, na bondeni kwake majani hayakauki. Tukakubaliana atamrudisha baada ya Bonané.

Asubuhi ya safari Mama alivaa kitenge chake kizuri. Alimpaka Honorable siagi kidogo kwenye paji la uso, kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima. Kisha akatembea nasi, polepole, na fimbo yake, mpaka njia panda. Tangu mazishi hakuwa ametembea mbali vile.

Pale njia panda tukakutana na mwanamke kutoka sokoni. Alipoona fahali anaondolewa na mjane anamfuata nyuma, akatua mzigo, akashika kichwa.

"Mama, pole. Nani amekufa?"

Nilifungua mdomo nijibu. Mama akanitangulia.

"Hakuna," akasema. "Tuko wazima wote. Dume yetu inaenda safari."

Wakuu, tangu mwezi wa nane wa mwaka jana sijawahi kumsikia akisema sisi ni wazima.

Aligeuka akarudi nyumbani peke yake, hakutaka kusindikizwa. Sisi tukaendelea na Honorable.

Ninapoandika, mvua zimeshika. Ndama wa kwanza wa majike waliosubiri wameanza kuzaliwa, na majani yako juu. Jike mmoja alitupa mimba, sijui sababu. Fromage tumeanza tena, kidogo. Papa Gaspard atarudi mwisho wa kiangazi kijacho, na sijui atasema nini.

Nilichojifunza ni kidogo. Kabla ya kuuliza ardhi yako inabeba ng'ombe wangapi, uliza wangapi wananyonyesha wakati majani yamekwisha. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye huzuni, usimshinde kwa hesabu hata kama hesabu ni ya kweli. Mngoje. Mimi nilingoja, na njia ilitoka kwake.

Yule ndugu wa nyati, kama nyati wako nao wanakula tofauti wakinyonyesha, tuambie. Na wengine mliowahi kuazimisha fahali kwa jirani, mnazuiaje magonjwa akirudi? Hilo linaninyima usingizi kwa sasa. Nakaribisha kusahihishwa pia, mimi si mtu wa kukasirika.